Mono ya Onesphore

Onesphore Niyongabo hakuwa na mke. Alikuwa na nyaya. Nyaya chini ya kitanda, nyaya kabatini, nyaya kwenye sufuria ambayo mtu mwingine angepikia maharage. Alitoka Buyenzi, Bujumbura, na hapa Durban alitengeneza simu katika kibanda chembamba mjini. Jumapili ndiye aliyepiga kinanda katika kanisa letu kule Berea, kwenye ukumbi wa shule tunaopanga. Kwa kuwa alijua kila kitufe na kazi yake, tulimwita Professeur. Alikataa jina hilo kwa mdomo tu.

Mimi naitwa Agathe, wa Bukavu, msusi. Naimba, na nina maikrofoni ambayo siazimishi. Baada ya ibada watu wa nyaya walikuja kwangu South Beach, ghorofa ya tisa, kwa sababu nina meza kubwa na majirani ambao muziki wao unatushinda kelele. Tulijiita Chama cha Waya. Aliyenunua kitu kipya alikileta tukione: spika, visikizio, kadi ya sauti. Ambokile, Mnyakyusa wa Mbeya anayeuza viatu, aliwahi kuleta kisanduku cha mwangwi akatueleza habari zake mpaka chai ikapoa na maandazi yakaisha. Nilimwambia siku nyingine alete maandazi, mwangwi abaki nao.

Tulikuwa na desturi moja. Kitu kipya hakiguswi kwanza na mwenyewe. Mwenyewe anachagua parrain, baba wa ubatizo, na huyo ndiye anayebonyeza kwanza, huku mwenyewe amekaa mikono mapajani kama bibi harusi. Ilianza kama utani. Tulipokuja kushtuka, hakuna aliyethubutu kuivunja.

Utani huo aliuanzisha Jeancy. Alikuwa kijana wa Uvira, baba wa watoto wawili, na alikuwa na bakkie, pikapu kuukuu, aliyobebea spika za makanisa na za harusi. Hiyo ndiyo iliyomlisha. Onesphore alimwita grand, kaka mkubwa, na kwetu petit, mdogo, hamwachi grand wake abebe mzigo yeye yupo. Wakitoka pamoja, Onesphore mikono mitupu, Jeancy mabegi mawili. Onesphore alishazoea kunyoosha begi pembeni bila hata kugeuka, akijua mkono wa Jeancy upo.

Mwaka 2013 Onesphore aliona sinthesaiza, kinanda cha kuunda sauti kwa umeme, katika duka moja la Morningside. Miezi mizima alitutumia picha yake kwenye WhatsApp, leo kwa mbele, kesho kwa nyuma. Katika maelezo yake paliandikwa neno moja ambalo Ambokile hakulielewa.

"Hii mono ni nini, Professeur?"

"Mono ni waya moja," Onesphore akajibu. "Stereo iko kushoto na kuume, mono inatoka nafasi moja. Si shida, nitaigawanya kwenye mixer."

Sote tukaitikia kwa vichwa. Tumekulia kwenye redio za kaseti. Redio ya spika moja ilikuwa mono, ya spika mbili ilikuwa stereo, na huo ndio ulikuwa mwisho wa elimu yetu.

Alipomaliza kuilipia, siku ya kuichukua alikuwa kazini, kwa hiyo Jeancy ndiye aliyeenda Ijumaa, akaiweka kwake hadi Jumapili. Lifti ya jengo letu ilikuwa imekufa kama kawaida yake. Jeancy alilipandisha boksi begani ghorofa zote tisa akiimba, "Mupishe bwana harusi, mupishe!" Onesphore alikuwa nyuma yake, amevaa suti. Tayari alikuwa ameliambia kanisa zima kwamba mchungaji mgeni wa wiki ijayo atasikia sauti ambayo Durban haijasikia.

"Parrain ni Jeancy," akatangaza.

Jeancy alinawa mikono jikoni kwangu, kweli kabisa, kwa sabuni. Akakaa. Akaweka vidole vitano kwa mpigo, kama tunavyoanza wimbo kanisani. Ikatoka sauti moja. Nene, tamu, lakini moja. Akanyanyua vidole, akarudia pengine. Moja tena.

"Mtoto kazaliwa na jino moja!" Ambokile akasema, na tukacheka. Nilicheka mpaka nikashika meza.

Onesphore hakucheka. Alimsukuma Jeancy, akajaribu mwenyewe, akazungusha kila kirungu, akachomoa waya na kuuchomeka upya. Jasho likamtoka ndani ya ile suti.

"Weye," akasema, "iyi kitu ilikuwa kwako tangu Ijumaa. Uliangusha wapi?"

"Sikuangusha, grand. Angalia boksi, haiko hata na alama."

"Basi watoto wako waliichezea."

"Watoto hawakuigusa. Hata mimi sikuigusa! Si nilikuwa nangojea ubatizo?"

"Apa."

"Grand?"

"Apa kwa watoto wako."

Kicheko kikakatika. Kwetu mtu haambiwi aape kwa watoto wake, labda kama ni mchawi au mwizi. Jeancy alisimama, akajifuta vidole kwenye suruali kana kwamba vimeshika kitu kichafu, akamwangalia kila mmoja wetu. Sote tulikuwa tunaangalia sahani zetu. Akaondoka bila kunywa chai.

Yaliyofuata Onesphore alinisimulia mwenyewe baadaye. Aliirudisha sinthesaiza dukani kwa hasira, akidai amepewa mbovu. Kijana wa duka akaijaribu, akamwangalia, akamwambia kwa upole kwamba haina ubovu wowote. Ni mono. Onesphore akasema anajua ni mono, waya mmoja. Kijana akasema hapana: mono ni sauti moja kwa wakati mmoja. Ndivyo ilivyoundwa. Uweke vidole kumi, itachagua kimoja. Kisha akamuuliza, bila ubaya wowote, kama ndiyo kwanza anaanza kujifunza muziki.

Alitoka na boksi kifuani. Kwenye robot, taa za kuvukia barabara, alisimama, taa ikawa kijani, ikawa nyekundu, ikawa kijani tena, naye yuko palepale. Aliniambia alihisi kila dereva pale barabarani anajua.

Angekuja kwetu Jumapili ile akasema, "Jamani, kumbe nilikuwa sijui," tungemcheka wiki moja na mambo yakaisha. Lakini ili amwondolee Jeancy lawama ilibidi aseme kwamba Professeur hajui maana ya mono. Hapo ulimi ukawa mzito. Ulikuwa mwepesi sana siku ya kumwapisha mwenzake.

"Fundi bado anaiangalia," akatuambia. Ilikuwa chini ya kitanda chake, pamoja na nyaya.

Uongo ule ulikuwa mdogo, ila ulikuwa na miguu. Kina mama wa kanisa walisikia kwamba Jeancy anaangusha vitu. Harusi ya Diane, binti wa kanisani, ilipofika, spika zilibebwa na Ladislas, mwenye gari kubwa na mdomo mchafu. Harusi iliyofuata, Ladislas tena. Hata vinanda vya kanisa akapewa Ladislas. Hakuna aliyemwambia Jeancy sababu. Watu walimsalimia vizuri kabisa, wakampa pole ya baridi, wakapita. Bakkie ikawa inashinda imeegeshwa chini ya jengo lake Berea, na mke wake akaanza kuuza vitumbua.

Onesphore aliyaona yote hayo. Kila Jumapili alipiga kinanda akiwa ameinamisha kichwa, na waumini wakadhani amezidi kuwa mcha Mungu.

Ndipo siku moja Jeancy akatuma picha kwenye kundi. Kinanda kidogo cha mtumba, kibao kimoja hakipo. Juu yake kidole, na kidole chenyewe tulikijua, kina kovu la mlango wa gari. Chini ameandika: "Nimekibatiza mimi mwenyewe."

Watu wa nyaya, ambao huwa wanapongeza hata soketi, walinyamaza siku nzima.

Mchana ule Onesphore aliingia saluni kwangu, akapita katikati ya wateja, akaketi kwenye kiti cha kuoshea nywele na kunieleza kila kitu. Alilia, akajifuta kwa taulo yangu. Sikumhurumia. Nilikuwa na hasira naye, na hasira nyingine iliyokuwa inanitafuta mimi, kwa sababu hata mimi siku ile niliangalia sahani.

"Maman Agathe, nitamupigia simu leo," akasema.

"Simu ya nini? Ulimvua nguo mbele ya watu, utamvisha mbele ya watu."

Jumapili Jeancy alikuja kwa sababu niliyemwita ni mimi. Alikaa karibu na mlango. Onesphore aliitoa sinthesaiza kwenye begi, akaiweka mezani, akabaki amesimama.

"Iyi kitu haikuanguka," akasema. "Haijawahi kuharibika. Mono ni sauti moja. Mimi sikujua. Na nilipojua, nilinyamaza." Akabonyeza, ikalia ile sauti moja, ndefu, na hakuna aliyecheka. "Jeancy, nilikuapisha kwa watoto wako ili mimi nisionekane mjinga. Naona haya. Naona haya hata kukuita jina. Unisamehe."

Jeancy akajibu kutoka pale mlangoni.

"Nimesikia, grand. Nimekusamehe."

Tukapiga makofi. Ambokile akaomba sala ndefu, nikaleta chai, na Jeancy safari hii akanywa. Akaulizia hata kile kirungu cha mwisho kinafanya nini, Onesphore akamweleza kwa furaha mno. Nikajisemea, afadhali, yamekwisha.

Wakati wa kuondoka lifti ilikuwa imekufa. Onesphore aliirudisha sinthesaiza ndani ya begi, akafunga zipu. Pale mlangoni, huku akinishukuru kwa chai, akanyoosha begi pembeni bila kugeuka, kama alivyozoea.

Begi likabaki hewani.

Jeancy alikuwa ametia mikono mfukoni.

"Hapana, grand," akasema taratibu, bila hasira yoyote. "Beba mwenyewe. Isije ikaanguka."

Onesphore alinitazama mimi, kana kwamba ningekuwa na la kusema. Kisha akalipandisha begi begani, kwa shida, maana hajui kubeba. Jeancy alikuwa ameshatangulia kwenye ngazi.