Sahani ya Msafiri

Mjukuu wangu ananisumbua, ati nieleze kama mambo ya bibi zetu yalikuwa imani au ujinga. Wasomi wamejaa Tabora mjini, angewauliza wao. Mimi niliacha shule kabla sijajua kugawanya. Lakini kakaa tu hapa, haondoki. Haya.

Nilipokuwa mtoto pale Kwihara, wakati wa Mwingereza, baba alikwenda Tanga kukata mkonge, akapotelea huko. Bibi, mama yake, kila jioni alimtengea ugali na mlenda, akaufunika kwa ungo, akauweka kibarazani. Ndivyo walivyofanya wake wa wapagazi tangu enzi za misafara: msafiri akitengewa nyumbani, hafi njaa njiani. Asubuhi sahani tupu.

"Mwanangu kala," Bibi anasema, uso unang'aa.

Baba mdogo, ndugu yake baba, alikuwa ameshika dini, Biblia haimtoki kwapani. Akacheka. "Mama, anayekula ni paka."

"Paka gani anayerudishia ungo?"

Fundi cherehani mmoja wa Urambo akaja kumposa mama. Mama alikuwa bado kijana; nilimwona alivyojipaka mafuta siku ile. Bibi akamsukumia sahani. "Mumeo anakula, nawe unataka kuolewa?" Fundi alingoja hadi mavuno, akaoa kwingine. Mama akarudi kwenye jembe lake. Jioni alikuwa akiitazama barabara, na hadi leo sijui alikuwa akimtazamia nani.

Alfajiri moja nikatoka kwenda haja, nikamkuta baba mdogo amechuchumaa kibarazani, mlenda unamning'inia vidoleni.

"Nyamaza, mwanangu. Njaa tu."

Ningenyamaza mimi? Nilimwambia mama. Aliyaacha maji ya ugali yakakaukia chunguni.

Baba mdogo akaona aibu, akaacha. Kulipokucha sahani imejaa, sisimizi wametapakaa. Siku iliyofuata, vivyo hivyo. Bibi akalala akageukia ukuta. "Mwanangu ameacha kula. Mimi nile kwa nini?"

Nilidhani mama angemwambia ukweli, angalau roho yake itulie. Badala yake akamwita baba mdogo jikoni.

"Shemeji, kale."

"Ni uongo, shemeji. Ni dhambi."

"Ulipokuwa ukishiba, ilikuwa sala? Kale. Na ungo uurudishie vizuri, kazi unaijua."

Sasa mjukuu anataka niseme kama kuna ubaya kuamini usichoweza kukithibitisha. Imani ile ilimnyima mama mume, na ndiyo iliyomwinua Bibi kitandani. Apime mwenyewe, mizani anayo. Mimi nikila jioni hubakiza tonge moja, na simwambii mtu ni la nani.

Bibi aliishi sana, mkaidi yule. Na baba mdogo alikula. Alikula ana homa, alikula ametoka harusini kashiba, alikula hata siku alizofunga. Mzee wa kanisa, mvi kichwani, kila alfajiri amechuchumaa anameza ugali baridi wa kaka yake, na mama amesimama mlangoni, anamwangalia mpaka amalize.