Lugha ya Mdomo Uliofumbwa

Enzi zetu, miaka ile ya hamsini, shule yetu ya bweni pale Iringa ilikuwa na kibao kimoja chenye kamba, na hakikukosa shingo. Ukisikika unasema lugha ya kwenu unakivaa, mpaka umnase mwenzako naye akisema ya kwao. Aliyekuwa nacho jua linapozama alikosa chakula cha jioni. Mimi nilitoka Tukuyu, na Kinyakyusa kilinitoka hata nikijikwaa tu, basi kibao kikanizoea.

Aliyenihurumia ni Agripina, msichana wa Kihehe niliyechambua naye maharage jikoni. Alisema tutunge lugha yetu wenyewe, isiyo ya kwao wala ya kwetu. Midomo tuliifumba, kazi yote ikafanywa na pua. Mguno wa juu mara mbili: njoo. Chini kisha juu: mwalimu anakuja. Na mmoja mrefu, unaoanzia juu, ukashuka taratibu, ukakatika ghafla: nina njaa. Huo tuliutumia kuliko yote, maana uji wa asubuhi ulikuwa mwepesi mno.

Kwake ilikuwa rahisi, Wahehe hupandisha na kushusha sauti tangu wakiwa migongoni mwa mama zao. Mimi nilitaabika.

"Sauti yako imenyooka kama mwiko," aliniambia. "Ipinde kidogo."

Niliipinda wiki tatu shambani, baridi ya Juni ikinitoa kamasi, kibao shingoni. Siku nilipoguna njaa yangu sawasawa, Agripina alinitupia kiazi cha kuchoma kutoka tuta la pili. Nilikila huku nalia kwa furaha, wala sioni haya kusema. Mwalimu wa bweni, aliyekuwa akitusikia tukiguna kutwa, alidhani tunapenda sana nyimbo za kanisa, akatuingiza kwaya.

Tukazeeka. Mwaka juzi nikapata habari kwamba Agripina amepooza upande mmoja na maneno yamemkimbia. Nilimfuata kwa binti yake anayeishi Ilomba. Nilimkuta kitandani anaguna, binti amesimama na vidonge mkononi.

"Mama mdogo, kutwa yuko hivi," alisema. "Maumivu yamemzidi."

Nikatega sikio. Sauti ilianzia juu, ikashuka taratibu, ikakatika.

"Haumwi," nikamwambia. "Mama yako ana njaa."

Kumbe walikuwa wakimpa uji mwepesi, eti ni mgonjwa. Tulimpondea viazi, akamaliza bakuli zima, mkono wake mzima umeshika kanga yangu.

Sebuleni wajukuu walikaa kochi moja, kila mmoja na simu yake, wakitumiana vikatuni vinavyocheka bila wao kucheka. Siwalaumu, nao wana lugha yao. Ila lugha yetu haikuhitaji chaji.

Agripina tumeshamzika. Siku hizi nikiwa peke yangu jikoni huguna ule mguno mrefu, nikaushusha vizuri kama alivyonifundisha, kisha nasubiri kiazi.