Mabati Yaliyolala Kwenye Maharage

Kuna siku moja haijawahi kunitoka kichwani, mjukuu wangu, na tangu uliponiambia kesho unakwenda Vwawa kwa niaba ya kijiji, mkae na serikali na yule tajiri anayetaka kutujengea bweni, imenirudia. Situlii. Nashika hiki, naacha kile, chai nimeichemsha mpaka imekauka. Mimi shule niliishia darasa la pili, lakini hii sekondari yetu ya hapa juu, mawe yake nayajua.

Wakati ule mgongo wangu bado unanyooka. Serikali ilisema: jengeni, mpaue, sisi tunaleta walimu. Shule zikifunguliwa hamjamaliza, watoto wenu wanakwenda Itumba. Na shangazi yako Tusekile alikuwa amefaulu. Itumba maana yake kupanga chumba, mwanangu. Mtoto wa kike, anapika mwenyewe, anafunga mlango mwenyewe. Usingizi ulinipaa.

Basi tukawa tunabeba. Kila kitongoji na zamu yake, hawa mawe, wale maji, wengine mchanga wa mtoni, na nyimbo juu. Ukichelewa unasutwa: "Wifi, leo umetoka? Au mumeo alikukalia kitenge?" Tulicheka mpaka ndoo zinamwagika!

Kuta zikafika kwenye lenta, juu ya madirisha, bati hakuna. Ndipo akaja Bwana Hamadi, mwenye malori wa Tunduma. Mtu mpole, kofia nyeupe, salamu hazimwishi. Akasema mabati, mbao, mafundi, vyote juu yake. Vigelegele! Mafundi wake walipotukuta na ndoo zetu wakasema, "Mama zetu, pumzikeni, tajiri ameshalipa." Tukapumzika. Nani anakataa kupumzika? Haukupita muda nyimbo zimekwisha, na watu wanasema "ile shule ya Hamadi". Hata mtendaji wa kijiji akaacha kupanda kuangalia.

Sikukuu ya Idi ikafika, mafundi wakaenda kwao, mabati mengine yameshikiliwa na misumari miwili mitatu tu. Mvua zilikuwa zimeanza. Ukaja upepo mchana kweupe, mabati yakaruka, yakaporomoka mteremkoni mpaka kwenye mashamba ya maharage. Unajua watu walifanya nini? Walipalilia wakiyazunguka! "Mabati ya Hamadi, aje ayaokote." Na zile kuta, mawe tuliyaunga kwa udongo, mvua kubwa ikiingia ni tope tu. Mimi nikawa natoka mlangoni, narudi ndani, natoka tena, naangalia mawingu.

Aliyetusema ni mama mkwe wangu, bibi mfupi, meno ya mbele hana. Akajitwika bati moja, akasimama katikati ya shamba la watu. "Nyie! Mvua ikija itauliza njia ya kwa Hamadi?" Mmoja akacheka. Halafu huyo huyo aliyecheka akaweka jembe chini, akaokota bati. Mimi nilishatangulia mbio.

Bwana Hamadi alipopata habari akapanda huku, uso umekunjamana. "Mama, mimi nimetoa kwa moyo mmoja. Mbona mmeniachia peke yangu?"

"Ulitupumzisha, baba," mama mkwe akamjibu. "Halafu hukutuambia unataka nini. Mtu hatoi bati zote hizi bila kutaka kitu."

Jamani, aibu! Tuliinamisha vichwa. Lakini Bwana Hamadi akacheka, akasema madereva wake wana watoto pale Tunduma, baba yuko Zambia na lori, mtoto anazurura mpakani. Alitaka wasome huku.

"Ni hilo tu?"

"Hilo tu, mama."

"Si ungesema! Tungekuwa tumeshawatafutia nyumba za kulala."

Mama mkwe hakuishia hapo. Bwana wa wilaya alipokuja kikaoni akamuuliza, "Mwalimu asipofika, tumfuate nani? Taja mtu." Yule bwana akakohoa, akajitaja mwenyewe mbele ya kijiji kizima. Walimu walifika.

Na sisi tukarudi kubeba, mafundi wa Hamadi wakituagiza na sisi tukiwasuta. Paa lilifungwa mvua ikitunyeshea migongoni. Tusekile akaanza kidato cha kwanza akitokea kwangu, uji wangu tumboni.

Kwa hiyo kesho, mwanangu, tajiri akisema atafanya yote, mkatalie kwa heshima. Muulize anachotaka, akiseme mbele ya wote, na nyie semeni chenu. Serikali isikwambie "ofisi itashughulikia", itaje mtu. Na wazazi msiwanyang'anye kazi yao, hata iwe kubeba maji tu, maana alichokibeba mtu kikianguka atakimbilia kukiokota. Wakikuona mtoto, wakikuharakisha kusaini, waambie bibi yangu amesema turudi kwanza nyumbani tukaulizane.

Haya, Mungu akutangulie barabarani. Akupe ulimi mpole na shingo ngumu. Wasichana watakaolala kwenye bweni hilo waamke salama kila asubuhi, na wazazi wao walale usingizi.