Mkwe kwenye Meza ya Kura

Mama mkubwa alikuwa wakili Homa Bay. Siku za kazi alishinda mahakamani. Jumamosi alifundisha sheria ya kura kanisani Ndhiwa. Mimi nilimwandikia ubaoni, kwa sababu kuandika hakuhitaji kuongea.

Mwaka ule alitetea wajane walioachwa nje ya daftari la wapiga kura. Nyanya, mamake mzazi, alikuwa mmoja wao. Walishinda. Nyanya akaenda ofisini, akataka karani amsomee jina lake mara tatu, maana macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu.

Jumamosi ya mwisho mama mkubwa akaeleza kwamba asiyeona vizuri atasogea kwa msimamizi wa kituo, amnong'oneze jina la mgombea anayemtaka, naye amwekee alama. Sheria ya wakati ule haikumruhusu mwingine. Mwanamke mmoja akasema huyo msimamizi asije akala dagaa wa omena asubuhi hiyo, akatunukia. Tukacheka.

"Kuna swali?"

Mimi nilikuwa nalo. Jumatano mume wa mama mdogo alipita kwetu, akanikuta peke yangu, akaniambia amepewa kusimamia kituo kile kile cha nyanya. Huyo ni mkwe wake. Kwetu Wajaluo, mama mkwe hata chakula hali mbele ya mkwe, sembuse kumnong'oneza sikioni. Lakini watu wote walikuwa wananiangalia. Nikafuta ubao.

Siku ya kura nilimshika nyanya mkono kwenye foleni tangu alfajiri. Tulipofika mlangoni, mkwe akaita, "Anayefuata." Nyanya akaijua sauti. Akavuta leso, akajifunika uso, akasimama pale pale.

Mama mkubwa akaitwa. Aliomba karani wa kituo amsaidie nyanya. Mawakala wa vyama wakakataa, wakasema sheria imemtaja msimamizi tu. Ni sheria ile ile niliyoiandika ubaoni. Mkwe hakuinua macho kwenye karatasi zake.

"Shemeji," alisema polepole, "mimi nitamwangaliaje?"

Nyanya akageuka. Foleni ikampisha kama inavyopisha mgonjwa.

Njiani, tulipofika kwenye kijito, mama mkubwa akatugeukia.

"Kwani hakuna aliyejua ni yeye atakuwa pale?"

"Nani angejua, nyathina," nyanya akamjibu. "Usijilaumu, mwanangu."

Nikainama kama ninayefunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa patipati zisizo na kamba.