Mchinjaji wa Jumamosi

Nakumbuka jogoo mmoja mwekundu, mwanangu, kuliko ninavyowakumbuka walimu wangu wengi. Umeniambia huko chuo kikuu unajifungia chumbani na vitabu vyako, maana wenzako wana mambo yao. Kaa hapa nikusimulie. Mlango huo niliufunga mimi kabla yako.

Ilikuwa enzi za Mwingereza. Nilitoka Malindi, hii ya milimani si ile ya pwani, mtoto wa mkulima Mwislamu, nikapata nafasi katika chuo cha ualimu huku huku Usambara. Wenzangu karibu wote walikuwa Wakristo waliosoma shule za misheni. Siku za kazi tulikula makande ya chuo, hapakuwa na neno. Kazi ilikuwa Jumamosi. Wenzangu walinunua kuku, wakampika nyuma ya bweni, na chungu kikichemka wakaulizana masomo: huyu anaeleza hesabu za sehemu, yule anasahihishwa Kiingereza chake, kicheko hakiishi. Mimi nilibeba viazi vyangu vya kuchoma na kitabu, nikapanda kilimani kukaa peke yangu na baridi. Kuku yule sikujua kachinjwa na nani, na kuuliza niliona haya.

Nilisoma kuliko wote, Mungu ni shahidi. Lakini nilikuwa nakariri tu. Nikiitwa ubaoni nieleze, ulimi unakuwa mzito. Mtihani wa kwanza nikaanguka, wa pili vilevile. Mkuu wa chuo akaniambia nikianguka tena nifunge sanduku langu nirudi kwetu. Na huko kwetu baba alikwisha kutangazia kijiji kizima kwamba mwanawe ni mwalimu! Nililia, sikufichi.

Siku ya soko nikashuka Lushoto kwa shangazi Mwanaidi, dada yake baba, aliyekuwa akiuza kabichi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Mbona umekonda hivyo?"

Nikamweleza yote. Alisikiliza huku akipanga kabichi zake, kisha akauliza, "Hao wenzako wamekufukuza?"

"Hapana, shangazi. Ila kuku wao..."

"Umewauliza nani anachinja?"

"Sijauliza."

"Sasa umejuaje kama watakataa ukichinja wewe? Bismillahi huijui?" Akacheka mpaka wauzaji wengine wakageuka. Mimi natamani ardhi ipasuke, yeye anacheka! Akaenda kwa jirani yake pale sokoni, akarudi na jogoo mwekundu aliyefungwa miguu. "Mpeleke huyu. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, lakini wewe kamba umejifunga mwenyewe."

Jumamosi nikaenda na jogoo wangu nyuma ya bweni. Aliyekuwa akichochea moto ni Zakaria, Mlutheri wa Mlalo, ambaye sikuwahi kuzungumza naye zaidi ya salamu.

"Jamani," nikasema, "leo nachinja mimi."

Zakaria akanitazama. "Athumani, sisi tulidhani unatuona wachafu. Kumbe ndiyo hivyo? Basi kuanzia leo kisu ni chako." Akanisogezea kigogo nikae.

Pale kwenye kigogo ndipo nilipogundua kwamba hesabu nilizozikariri sikuzielewa hata kidogo. Zakaria alinibishia mpaka zikaniingia, nami nikamweleza jiografia, iliyokuwa ikimsumbua yeye. Nilikosea mbele yao, wakanicheka, nikacheka nao, ulimi ukafunguka. Mtihani ulipokuja nikafaulu, na Zakaria akafaulu. Baba akachinja mbuzi, na wageni wa kwanza kuitwa walikuwa wenzangu wale.

Mwanangu, wahenga walisema mkono mmoja hauchinji ng'ombe. Akili unayo, lakini akili nayo inataka watu wa kuipiga msasa. Usingoje kukaribishwa, nenda na chochote ulicho nacho, sema kinachokuzuia, uliza usichokijua. Wengi unaodhani wamekutenga wanadhani wewe ndiye uliyewatenga. Fungua mlango huo leo, usingoje kuanguka kama mimi.

Juzi mjukuu wa Zakaria ameoa kule Mlalo. Zakaria mwenyewe ametangulia mbele ya haki. Wapishi walikuwa tayari tangu asubuhi, mbuzi wamefungwa, lakini hakuna aliyeshika kisu mpaka nilipofika mimi na mkongojo wangu. Mungu akujalie nawe wenzako wa namna hiyo, akufungulie ulimi, na siku ukichelewa, wawepo watu wanaokusubiri.