Niligawa shamba sawa kwa sawa kwa wanangu watano, sasa nang'oa masale kwa mkono wangu

Wakuu, najua wengi humu mngekuwa wajukuu zangu, kwa hiyo shikamoo zenu nimezipokea zote kwa mkupuo. Marahaba.

Shule niliishia darasa la nne na naandika kwa kidole kimoja. Nikikosea herufi mnivumilie, ila neno la uongo hamtalikuta hapa.

Nakaa huku juu, miteremko ya Meru, ukipandisha kutoka Usa River. Shamba letu si kubwa. Juu barabara, chini mfereji, katikati migomba na kahawa.

Marehemu mume wangu alichimba makingamaji ya kukata mteremko, akapanda majani ya ng'ombe juu yake. Mvua inyeshe inavyotaka, udongo wetu haukuwa unatoka.

Alipofariki, shemeji zangu wakaja na utaratibu wa ukoo. Wavulana watatu wagawane, kitinda mimba abaki na nyumba, wasichana wawili wakatafute kwa waume zao.

Nikakataa.

Nilikuwa nimetoka mkutano wa kijiji, afisa wa ardhi kasema sera ya nchi inamtambua mwanamke sawa na mwanaume. Maneno yale niliyashika kama mtu aliyeshika mkia wa ng'ombe anayekimbia. Nikawaambia, huyu Anaeli binti yangu mkubwa ndiye aliyemlisha baba yake uji mpaka siku ya mwisho, nyie mlikuwa wapi?

Wakaondoka. Nilishinda, na kwa hilo sijuti, msije mkanielewa vibaya.

Kosa nililifanya kesho yake.

Nilichukua kamba ya ng'ombe nikapima. Nilitaka kila mtoto aguse barabara na kila mtoto aguse mfereji, asije mmoja akasema mama kampendelea mwenzake. Vikatoka vipande vitano, virefu kutoka juu mpaka chini, vyembamba kama mikanda ya suruali.

Mipakani nikapanda masale. Kwa msioyajua, sale ni ule mmea wa majani marefu, kwetu ndio mpaka, na aliyelipanda ndiye wa kuling'oa. Kisha tukaandikishana kijijini, kila mtu na karatasi yake.

Watu walinisifu. Na mimi nilijisikia, nisidanganye. Kanisani nilihamia benchi la mbele.

Ila sikumuuliza mtoto hata mmoja. Nilipima tu.

Basi kila mmoja akachimba kinjia chake kando ya masale, kushuka mferejini. Makingamaji ya marehemu yakakatwa vipande vipande. Masika ilipofika, kila kinjia kikawa mto. Udongo mweusi niliolisha samadi miaka yote nikaukuta umelala ndani ya mfereji. Majirani wa chini wakaja kulalamika, tena kwa adabu, wakiniita mama. Bora wangenitukana.

Mikahawa ikakatwa kupisha vyumba vya watoto. Ng'ombe wa mwisho nikamwachia mtu, majani ya kumlisha yaliisha.

Walipokuja wapima wa kurasimisha ardhi, alikuwepo dada mmoja na mashine yake ya miguu mitatu. Akapanda, akashuka, akapanda tena, halafu akaja kukaa karibu yangu.

"Bibi, haki humu naiona," akasema. "Shamba ndo silioni."

Akanieleza kumbe hati inaweza kuwa moja, majina matano ndani yake, wasichana kwa wavulana, na fungu la kila mtu likaandikwa. Miaka yote hiyo nilidhani kutoa haki ni lazima ukate.

Nikaita watoto, turudishe shamba liwe moja. Wanne wakakubali, kwa kununa lakini wakakubali. Eli hakuja.

Eli ndiye kitinda mimba, yule wa kupewa nyumba kwa utaratibu wa ukoo. Mimi nilimpa kipande cha pembeni chenye mawe, kwa sababu kamba iliishia hapo. Alihama tu, akapanga chumba Sombetini, huko mjini.

Kwetu ukimkosea mtu unakata sale unampelekea, naye akiliona hakatai kusamehe. Lakini mzazi kumpelekea mwanawe, mimi sijawahi kuona. Shemeji zangu walicheka mpaka wakakohoa. Nikakata lenye shina, nikalifunga kwenye khanga, nikashuka mjini.

Eli alifungua mlango, akaliona, akakaa pale pale kwenye ngazi. Akalipakata.

"Mama, nimelipokea. Kinyongo sina." Halafu akasema, "Ila ungekuja wiki mbili nyuma. Nimeshasaini."

Alikuwa ameuza kwa mstaafu mmoja. Sikuwa na pa kupinga, karatasi ya kumpa kile kipande niliisaini mwenyewe. Nikanywa chai yake nikarudi.

Nimeng'oa mistari mitatu ya masale, magoti yanalia. Makingamaji tumeanza kuyachimba upya, hati ya majina manne inafuatiliwa. Mstari wa nne umebaki. Ng'ambo yake kuna ukuta. Yule mstaafu ni mtu mstaarabu, kila akiniona ananisalimia. Maji ya bati lake yanashukia kwenye migomba yangu.

Nilichojifunza ni hiki. Watoto wote wape haki, wa kike na wa kiume, hapo sirudi nyuma. Lakini waite kwanza mkae, kamba ije baadaye. Na shamba la mteremko usilikate kwa kushuka.

Juzi nimekwenda tena kwa Eli. Lile sale kalipanda kwenye kopo la rangi, mlangoni. Limeshika, limetoa jani jipya. Nikamuuliza, mbona kwenye kopo?

"Ningelipanda wapi, Mama?"

Nimechoka, wakuu. Mliowahi kuandika hati moja kwa majina mengi, niambieni mnaishije bila kugombana. Na kama mama yako ameshaanza kunyoosha kamba huko, mpigie simu kabla hujanijibu mimi. Nitasoma zote, polepole.