Barua ya Namuria Ndani ya Fremu

Namuria wa Lodwar alijulikana kwa jambo moja tu: alikataa kusoma. Wengine hupata sifa kwa kutenda. Yeye alipata zake kwa kuacha.

Agosti 2012 aliletewa barua ya kumwita chuo cha uuguzi. Mzee Asekon, kiongozi wa kanisa lao dogo la mabati, aliisoma akitikisa kichwa kama mtu aliyepashwa habari za msiba.

"Namuria, miaka tatu ya kusoma? Bwana anarudi kabla hii mwaka iishe. Unataka akukute umevaa koti nyeupe?"

Namuria, maskini, aliona aibu kweli kweli. Jumapili akaitoa barua yake mbele ya watu, vigelegele vikapigwa, na mzee akaitia katika fremu, akaitundika karibu na mimbari.

Tangu hapo wakawa wanamzungusha. Kila mwezi alipandishwa pikapu hadi Kakuma, kwa waumini wa kambini, akasimama na fremu yake mkononi kueleza alivyoishinda dunia. Gatwech, mkimbizi kutoka Sudan Kusini, alimtafsiria kwa Kinuer kwa bidii isiyo kifani. Hakuruka kitu. Namuria akikohoa, naye alikohoa.

Desemba ikaisha, Bwana hakuja. Mzee Asekon akajitia hamnazo, akazidi kuvishambulia vyuo. Machi kukawa na uchaguzi, serikali ya kaunti ikaingia, na mji mzima ukawa hauna habari nyingine ila kazi na vyeti.

Agosti mzee akamwita Namuria.

"Ejok, dada," akamsalimu kwa Kiturkana. "Wewe uko na mwandiko mzuri. Nijazie hii."

Ilikuwa fomu ya kuombea diploma ya utawala, masomo ya jioni. Namuria aliisoma mara mbili.

"Mzee, na kurudi kwa Bwana?"

"Bwana anajua kaunti inataka karatasi. Lakini hii ni mambo ya viongozi, usisumbue kondoo."

Aliijaza kwa hasira. Mwaka mzima alikuwa amezungushwa kama mbuzi wa maonyesho! Siku hiyo hiyo akaenda kwenye kile chuo cha uuguzi. Karani akamwambia nafasi yake ilihifadhiwa mwaka mmoja, mwisho Jumatatu, ila lazima alete ile barua yenyewe. Alipoiomba, mzee alikataa katakata.

"Hiyo ni mali ya kanisa sasa. Na Jumapili tunaihitaji Kakuma."

Jumapili ikafika. Namuria akasimama mbele ya waumini wa Kakuma, fremu kifuani.

"Mwaka jana niliitwa chuo nikakataa, kwa sababu mzee alisema dunia inaisha."

Gatwech akatafsiri. Amina zikasikika.

"Wiki hii mzee mwenyewe ameomba kuingia chuo. Fomu nimemjazia mimi."

Gatwech akatafsiri hilo pia, mikono juu, kabla hajang'amua anasema nini. Akina mama wa nyuma wakaanza kucheka. Mzee Asekon akakohoa. Gatwech, kwa mazoea, akakohoa. Namuria hakungoja wimbo wa kufunga. Alitoka na fremu yake kwapani, akatafuta gari la kurudi Lodwar.

Jumatatu asubuhi karani alihangaika kuibandua barua, maana ilikuwa imegandishwa kwa gundi.

"Nani alikufungia hii kitu hivi?"

"Mwanafunzi mwenzangu," Namuria akajibu.